Unguja, Mafia, Saadani au Udzungwa: mapumziko ya siku chache kwa anayeanzia Dar es Salaam

Mdogo wangu anayeishi Tabata alinitumia picha nne kwa simu, moja baada ya nyingine, kisha akaandika swali fupi: "Kaka, ipi?" Picha ya kwanza ilikuwa ya mchanga mweupe wa Unguja, ya pili ya papa potwe akipita chini ya mashua huko Mafia, ya tatu ya tembo aliyesimama ufukweni Saadani, na ya nne ya maporomoko ya Sanje katika milima ya Udzungwa. Zote zilipendeza, na hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa picha haikuambii mpigaji aliketi garini saa ngapi kabla ya kufika, wala bahari ile ilionekanaje saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, wala kwamba tembo wa ufukweni ni wa kubahatisha. Nilimjibu kwa maswali mawili: mtalala huko siku ngapi, na mnakwenda na nani? Akasema siku tatu, mwezi wa Desemba, pamoja na watoto wake wawili na mama yetu, ambaye magoti yake hayataki tena kusikia habari za ngazi.

Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiyapanua kidogo kwa ajili ya wengine wenye maswali kama yake. Pemba, Kilwa Kisiwani na Lushoto nimeziacha kwa makusudi, kwani kila mojawapo ni safari inayojitegemea na kuitaja kwa mistari miwili ni kuidhulumu.

Kwanza, njia

Unguja ndiyo inayofikika kwa urahisi kuliko zote. Boti za kasi huondoka bandarini Dar es Salaam mara kadhaa kwa siku na huvuka kwa takribani saa mbili, na kutoka Zanzibar Mjini hadi Nungwi au Paje ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa gari, hivyo aliyeondoka hapa asubuhi anaweza kula chakula cha mchana ufukweni bila haraka. Mtanzania ahakikishe ana kitambulisho, na mgeni asisahau pasipoti kwa sababu atapita uhamiaji upande wa pili. Wenye kichefuchefu cha bahari wazingatie pia majira ya upepo: katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, boti inayorudi Dar es Salaam huelekea kusini na kulikabili wimbi uso kwa uso, na ndipo mifuko ile midogo inayogawiwa na wahudumu hupata kazi.

Mafia ina njia mbili zisizofanana hata kidogo. Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutua Kilindoni baada ya nusu saa hivi, ingawa nauli ni kubwa na uzito wa mizigo unabanwa. Njia ya pili ni kushika barabara ya Kilwa, kuingia Kibiti hadi Nyamisati kwenye delta ya Rufiji, kisha kupanda chombo na kupita kando ya mikoko mpaka bahari inapofunguka. Safari hii ya pili naipenda kwa moyo wote, lakini humeza siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na ratiba ya vyombo si ya kuitegemea kama ya treni. Mwenye siku tatu akienda kwa Nyamisati atakuwa amelipia siku tatu na kupata moja.

Saadani kwenye ramani inaonekana kama jirani wa Bagamoyo, na kwa kipimo cha kilomita ni kweli. Kinachorefusha safari ni vipande vya barabara ya udongo, ambavyo wakati wa mvua hugeuka utelezi mweusi unaoshika magurudumu na kukataa kuyaachia. Kwenda Udzungwa unapita Morogoro, unavuka Hifadhi ya Mikumi, na ukifika Mikumi mjini unakata kushoto kufuata barabara ya Ifakara hadi Mang'ula, ambako ni makao makuu ya hifadhi. Tangu tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, sehemu ya kwanza ya safari hii imepungua hadi chini ya saa mbili, na mtu anakwepa foleni ya Kibaha na Chalinze. Kutoka Morogoro bado utahitaji basi au gari la kukodi.

Bamvua na maji mafu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea, nami nimo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka watoto wangu pwani ya mashariki ya Unguja, katika hoteli ambayo picha zake zote zilionyesha maji ya buluu yakigusa ngazi za baraza. Tuliamka asubuhi, watoto wakavaa nguo za kuogelea kabla hata ya chai, tukashuka, na bahari haikuwapo. Mbele yetu ulikuwa uwanda wa mchanga na majani ya bahari uliokwenda hadi kwenye mstari mweupe wa mawimbi mbali kabisa, juu ya mwamba, na katikati walionekana akina mama wakiwa wameinama kwenye kamba za mwani, nguo zao zimefungwa juu ya magoti. Mmoja wao, mtu mzima, alipowaona watoto wamesimama na maboya yao alicheka kwa upole akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Rudini mkanywe chai, maji yenu alasiri." Mapokezi ya hoteli hawakuwa wamelisema hilo, wala sisi hatukuwa tumeuliza.

Mwenye kuelewa maneno mawili haya, bamvua na maji mafu, atapanga safari ya bahari vizuri kuliko mwenye fedha nyingi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hufikia kama mita nne. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki mbali. Kwa pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua bahari huwa imetoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kurejea mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu huwa kinyume: asubuhi maji yapo, na hata yakipwa jioni bado kunabaki pa kuogelea. Kwa hiyo mwenye watoto wanaotaka kuingia majini asubuhi aangalie kalenda ya mwezi kabla hajalipia chumba.

Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Matemwe, Paje, Jambiani na jirani zake, ndiyo inayotawaliwa zaidi na hesabu hii kwa sababu mwamba wa matumbawe uko mbali na kati yake na ufukwe ni maji ya kina kifupi. Uwanda huohuo usio na kina, pamoja na upepo wa kaskazi na wa kusi, ndio umeifanya Paje kuwa mahali pa watu wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari inashuka kina mapema, hivyo mtu anaoga saa yoyote anayotaka. Bei ya urahisi huo ni msongamano: hoteli zimebanana, muziki wa usiku unasikika hadi kitandani, na vijana wa kuuza safari za boti hawakupi nafasi ya kutazama jua likizama kwa utulivu. Kwa mapumziko yangu mwenyewe ningechagua Jambiani na kuvumilia kupwa kwa maji. Kwa familia ya mdogo wangu, nilimwambia Kendwa.

Mafia nayo inatii mwezi uleule, lakini kwa matokeo mengine. Anayedhani Mafia ni Unguja yenye watu wachache atakata tamaa akifika kijiji cha Utende maji yakiwa yametoka, kwa sababu atakutana na tope na mikoko badala ya mchanga wa kwenye kalenda. Uzuri wa Mafia uko chini ya maji na juu ya mafungu ya mchanga. Bamvua inayoiharibu asubuhi ya Paje ndiyo inayoinua fungu la Marimbani kutoka baharini, kisiwa cha mchanga mtupu kinachoishi kwa saa chache, ambapo nahodha anakushusha pamoja na mwavuli na samaki wa kuchoma kisha anakuhimiza kupanda mashua kabla fungu halijamezwa tena.

Wanaoishi majini Mafia

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na ina eneo la kilomita za mraba 822 upande wa kusini na mashariki wa kisiwa, Ghuba ya Chole ikiwamo. Matumbawe yake ndiyo yanayowaleta wazamiaji kutoka mbali. Wengi wetu kutoka bara, hata hivyo, tunamfuata papa potwe, na jambo ambalo matangazo hayaelezi vizuri ni kwamba kwa kawaida potwe haonekani ndani ya hifadhi. Hukusanyika upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, akifuata viumbe wadogo wanaoelea majini. Hana haja na binadamu, ingawa anaweza kuzidi urefu wa basi dogo.

Faida yake kubwa kwa mtu kama mama yangu ni kwamba potwe hula karibu na uso wa maji, hivyo aliyebaki kwenye mashua anaona mgongo wenye madoa meupe ukipita taratibu kama mkeka uliotandikwa chini ya maji, bila ya yeye mwenyewe kulowa. Ugumu uko kwenye kupanda mashua yenyewe: mara nyingi unatembea majini hadi mapajani, kisha unajivuta juu kwa ngazi fupi inayocheza na wimbi. Watu wawili wenye nguvu wakimshika mkono inawezekana, lakini asikudanganye mtu kwamba ni kama kupanda kivuko cha Kigamboni.

Mahali pa kulala Mafia panabadilisha gharama kwa namna ambayo si kila wakala huisema. Utende imo ndani ya hifadhi, na kiingilio hutozwa kwa kila siku utakayokuwamo, hata kama umelala tu barazani. Kilindoni iko nje. Kwa hiyo aliyekuja kwa ajili ya potwe pekee hana sababu ya kulala Utende, ilhali aliyekuja kuzamia, kuona magofu ya Kua kisiwani Juani, au kuangalia vifaranga vya kasa vikikimbilia majini katika miezi ya katikati ya mwaka, atafanya vibaya kulala Kilindoni na kwenda na kurudi kila siku. Abebe pia fedha taslimu za kumtosha akitoka Kilindoni, na asitegemee migahawa ya barabarani: nje ya hoteli, chakula cha usiku ni cha kuagiza mapema.

Unguja kwa upande huu haiwezi kushindana na Mafia majini, ila inaishinda kwa kitu cha kufanya siku ya mvua. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatosha siku moja bila kuguswa na hali ya hewa, na bakuli la urojo linamaliza ubishi wowote wa watoto. Msitu wa Jozani, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu mwaka 2004, una kima punju, mbega wekundu wasiopatikana kwingine duniani isipokuwa Zanzibar, ambao hukaa karibu kiasi kwamba kiongozi wa msitu hulazimika kuwasihi wageni warudi nyuma. Njia za pale ni tambarare, na ile ya kwenye mikoko ina daraja la mbao. Magoti ya mama yetu hayatalalamika.

Visiwa vyote viwili ni vya watu wa dini na staha. Kutembea mitaani na nguo za kuogelea si jambo la kufanya, na anayekwenda wakati wa Ramadhani ajue kwamba nje ya hoteli chakula cha mchana hakipo, wala haitakuwa uungwana kukitafuta. Aprili na Mei, masika yanapokolea, hoteli nyingi za Mafia hufunga milango kabisa, na baadhi za Unguja pia.

Bara: Saadani kwa kifupi

Saadani, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiyo hifadhi pekee ya wanyama nchini inayogusa Bahari ya Hindi, na hilo linauzwa kupita kiasi. Wanyama wapo: twiga, nyati, kuro, na tembo wenye haya. Bahari ipo. Kuviona vyote katika fremu moja ni bahati ya mtu mmoja kati ya wengi. Maji yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa sababu mito, hasa Wami, humwaga udongo wake hapo, jambo linalowafurahisha kamba na wavuvi wao lakini si mwogeleaji aliyezoea Nungwi. Kinachostahili safari ni mashua ya mtoni Wami asubuhi, viboko wakihema karibu, mamba kwenye kingo, na ndege kuliko unavyoweza kuwataja. Mwenye gari lililoinuka juu na siku mbili tu, asiyependa kupanda boti ya baharini, Saadani inamfaa kati ya Juni na Oktoba. Desemba, mvua za vuli zikiwa bado hazijaisha vizuri, nisingempeleka mama huko.

Mikumi na Udzungwa, ndugu wawili wasiofanana

Mikumi ni rahisi hata kwa mvivu. Barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata hifadhi hii ya kilomita za mraba 3,230, kiasi kwamba abiria wa basi la Mbeya huona swala, nyani na wakati mwingine tembo bila kulipa kiingilio. Aliyelipa anaingia uwanda wa Mkata, anazunguka na gari asubuhi moja na jioni moja, na mtu mwenye magoti mabovu hashuki isipokuwa kwenye bwawa la viboko. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kiasi ni kidogo ukilinganisha na mgeni, lakini malipo ni ya kielektroniki. Usifike getini na noti mkononi ukitarajia huruma.

Udzungwa, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ni kinyume chake kwa kila kitu. Hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1992 haina barabara za magari ya watalii, hivyo kila unachokiona umekifuata kwa miguu ukiwa na kiongozi. Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha takribani mita 170, yanataka saa nne au tano za kupanda na kushuka, kwenye njia yenye mizizi, ngazi za udongo na sehemu ambapo utajishikilia kwa mikono. Njiani, juu ya miti, wapo mbega wekundu wa Udzungwa na nyani wa Sanje, ambao sayansi iliwatambua mwaka 1979 tu ingawa wenyeji walikuwa wakiwafahamu siku zote. Ukifika kwenye dimbwi chini ya maji yanayoanguka, ukavua viatu, na baridi ile ikakupanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani baada ya jasho la saa mbili, utaelewa kwa nini kati ya maeneo yote manne haya ndipo nilipoparudia mara nyingi zaidi. Bonde la Kilombero lina mbu wa kutosha, na Ifakara ndiko iliko taasisi kubwa inayotafiti malaria. Chandarua na dawa ya kujipaka si vya hiari.

Kwa kijana mwenye miguu na siku tatu, nisingesita: treni hadi Morogoro, Mikumi jioni, Sanje siku ya pili, kurudi siku ya tatu. Kwa gharama ya jumla itakuwa chini ya Mafia ya ndege kwa mbali, na chini ya Unguja ya hoteli ya ufukweni pia.

Kuna wale ambao hawana hata usiku mmoja wa kulala nje. Hao wana Mbudya, kwa boti kutoka Kunduchi, na Bongoyo, kutoka Msasani, visiwa vilivyotengwa tangu mwaka 1975. Mbudya ina mibuyu, vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga, nayo Bongoyo ni tulivu zaidi. Beba chupa zako za maji na urudi nazo.

Mdogo wangu alisoma yote haya akanipigia usiku. Alitaka Mafia. Tukahesabu tiketi tano za ndege, kwa kuwa shemeji naye aliongezeka, tukanyamaza kidogo. Kisha tukafungua kalenda ya mwezi wa Desemba, tukatafuta siku ambazo mwezi ni nusu, akaandika Kendwa, na siku moja katikati kwa Jozani ili mama amwone kima punju. Alipokuwa anakata simu aliuliza kama Februari potwe huwa bado yupo. Nikamwambia yupo, na kwamba safari hiyo aende na mumewe peke yao, watoto nitakaa nao mimi.